Nyumba, Nyumbani na Kwao: Sarufi ya Marejeo ya Msomi katika Fasihi ya Afrika

Ikisiri

Uhakiki wa fasihi ya Afrika umezoea kumsoma msomi anayerejea kwao kama kiwakilishi cha mgongano wa mila na usasa. Makala haya yanadai kwamba usomaji huo unaikosa hoja ambayo kazi zenyewe zimeijenga kwa kutumia nyumba. Kwa kuanzia na tofauti ambayo Kiswahili huiweka kati ya nyumba, nyumbani, kwangu na kwetu, makala yanachunguza Wimbo wa Lawino, Kwenye Ukingo wa Thim, The Dilemma of a Ghost na Admiring Silence. Inabainika kwamba tatizo la msomi linatokana na kuichukulia nyumba, ambayo mtu mmoja anaweza kuijenga, kama kwao, ambako hakuna awezaye kujipatia peke yake. Inabainika vilevile kwamba gharama ya kosa hilo kwa kawaida hulipwa na mke.

Maneno muhimu: nyumba, kwetu, marejeo, msomi, mahali, Ebrahim Hussein, Okot p'Bitek

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa wahusika waliotawala fasihi ya Afrika tangu miaka ya 1960, msomi anayerejea ana nafasi ya pekee. Ameondoka kijijini au nchini akiwa kijana, amesoma, amepata shahada, na sasa anarudi akiwa na vitabu, mavazi mapya na pengine mke ambaye jamaa zake hawamjui. Wahakiki wamemjadili sana, na mara nyingi mjadala umeishia mahali pamoja: mhusika huyu ni uwanja ambamo mila na usasa vinapambana, naye ama anashindwa kuchagua ama anachagua vibaya.

Usomaji huo si wa uongo, lakini una kasoro mbili. Kwanza, unafanana mno kwa kazi zinazotofautiana mno. Tamthiliya ya Ghana, utenzi huru wa Uganda na riwaya iliyoandikwa Uingereza zinatoa jibu lile lile, jambo linaloashiria kwamba huenda jibu lilitangulia swali. Pili, unaipuuza nyumba. Katika kazi nyingi za aina hii, msomi hakabili mila kama dhana. Anakabili mlango, jiko, ua, choo, rafu ya vitabu na kaburi. Anahamia nyumba, anajengewa nyumba, anaipamba nyumba, au anakufa na kuacha swali la nyumba ipi ilikuwa yake. Mhakiki anayeruka kutoka kwenye vitu hivyo hadi kwenye usasa ameacha nyuma sehemu kubwa ya ushahidi.

Makala haya yanapendekeza njia nyingine ya kuingilia kazi hizo, nayo ni sarufi. Kiswahili kina namna mahususi ya kutenganisha jengo, makazi na asili. Mgawanyo huo ukitumiwa kama nyenzo ya uhakiki, unaonesha kwa usahihi zaidi ni kitu gani msomi amekipata aliporejea, na ni kitu gani anadhani amekipata.

2.0 Sarufi ya marejeo

Nomino nyumba iko katika ngeli ya 9/10 na inatenda kama nomino nyingine za vitu: hujengwa, huuzwa, hupangishwa, huungua. Shina lake huzaa chumba katika ngeli ya 7/8 na jumba katika ngeli ya 5/6, yaani huongezeka na kupungua kama kitu chochote chenye ukubwa. Ikiongezwa kiambishi cha mahali -ni, nyumba huacha upatanisho wa ngeli yake na kuingia katika ngeli za mahali: nyumbani kwetu, nyumbani petu, nyumbani mwetu. Badiliko hili si la umbo tu. Nyumba yangu inaweza kuwa tupu, imefungwa, haijawahi kulaliwa na mtu. Nyumbani panadai kuwe na maisha yanayoendelea pale.

Vitenzi vinathibitisha tofauti hiyo. Kuhamia huweza kupokea nyumba kama yambwa: amehamia nyumba mpya. Kurudi hakuwezi. Tungo *amerudi nyumba haikubaliki. Lazima iwe amerudi nyumbani. Kitenzi kuhamia chenyewe ni umbo la kutendea la hama, kwa hiyo hubeba ndani yake kumbukumbu ya kuondoka: hakuna ahamiaye ambaye hakuhama. Mzizi huo huo umezaa mahame, yaani mahali palipokuwa na makazi ya watu wakapahama. Hivyo katika mzizi mmoja lugha imeweka kuondoka, kuingia kupya na mabaki ya pale palipoachwa.

Tofauti iliyo muhimu kuliko zote ni ile ya vimilikishi. Mzungumzaji mmoja akimkaribisha mgeni katika makazi yake anaweza kusema njoo kwangu. Lakini akiulizwa asili yake, husema kwetu ni Pemba au kwetu ni Bukoba. Kwangu ni Pemba ni tungo inayolishangaza sikio. Vivyo hivyo, mtu mmoja huulizwa kwenu wapi, na juu ya mtu mmoja husemwa amekwenda kwao, tofauti na amekwenda kwake. Ni kweli kwamba matumizi hutofautiana kati ya maeneo, na katika baadhi ya miji mipaka hii imelegea. Hata hivyo, mwelekeo wa jumla uko wazi: makazi huweza kumilikiwa na nafsi ya umoja, ilhali asili humilikiwa na nafsi ya wingi hata pale ambapo mtajwa ni mmoja.

Methali mkataa kwao mtumwa inaonesha jambo hili kwa ufupi wa ajabu. Mkataa ni mmoja. Kwao ni kwa wengi. Anayekataa ni mtu binafsi, lakini anachokikataa hakijawahi kuwa chake peke yake. Neno mtumwa nalo halikuwekwa kwa ajili ya tusi tu. Katika historia ya pwani, mtumwa alikuwa mtu aliyeng'olewa miongoni mwa jamaa zake, ambaye angeweza kuishi katika nyumba kubwa bila kuwa na kwao. Methali inamlaumu anayekataa. Haisemi lolote kuhusu mtu ambaye kwao kumemkataa. Pengo hilo ndilo ambalo fasihi ya marejeo imelijaza.

Jambo la mwisho la kisarufi linahusu kimilikishi -etu. Kiswahili hakitenganishi sisi inayomjumuisha msikilizaji na sisi inayomtenga. Anayesema kwetu mbele ya mwenzake anaweza kuwa anamkaribisha, na anaweza kuwa anamfungia mlango, bila kubadilisha hata silabi moja. Katika mazungumzo ya kawaida muktadha huondoa utata. Katika ndoa ya msomi aliyeoa mbali, muktadha wenyewe ndio unaogombaniwa.

3.0 Nyumba iliyogeuka msitu

Song of Lawino ya Okot p'Bitek ilichapishwa mwaka 1966, na wasomaji wa Kiswahili waliipata kama Wimbo wa Lawino katika tafsiri ya Paul Sozigwa ya mwaka 1975. Imekuwa desturi kuisoma kama shutuma ya mke wa jadi dhidi ya mume aliyezugwa na Uzungu. Lakini malalamiko mengi ya Lawino yana mahali maalumu yanapotokea, nayo ni ndani ya nyumba ya Ocol. Anazungumzia jiko asiloweza kulitumia bila hofu, saa inayoamuru wakati wa kula na wa kumnyonyesha mtoto, na vitabu vilivyojaa hadi mume hana pa kupumulia.

Lawino anavifananisha vitabu hivyo na msitu wenye giza. Taswira hii imezoeleka mno hata ugeni wake hauonekani tena. Katika jamii ya wakulima na wafugaji, msitu ni kinyume cha makazi: boma hupatikana kwa kuufyeka, na mpaka wa boma ni pale msitu unapoanzia. Kwa kauli ya Lawino, Ocol ameurudisha msitu katikati ya nyumba. Elimu aliyokwenda kuitafuta mbali haikubaki mbali. Ameibeba na kuipanda sebuleni, na vivuli vya waandishi waliokufa vimechukua nafasi iliyokuwa ya wahenga wake. Kwa istilahi za sehemu iliyotangulia, Ocol ana nyumba, tena iliyosheheni, lakini ndani yake nyumbani pamekwisha.

Hapa ndipo usomaji wa mila na usasa unapopungukiwa. Kama shida ya Lawino ingekuwa usasa wenyewe, suluhisho lingekuwa kuviteketeza vitabu na kulivunja jiko. Hadai hivyo. Anachokitaka mwishoni ni kwamba Ocol atibiwe, aombe radhi kwa wahenga aliowatukana, na amruhusu mkewe acheze mbele yake. Hayo yote ni matendo ya kuomba kupokelewa upya. Yanamhitaji Ocol ajiweke mikononi mwa wengine, kwa sababu kwao hakurejeshwi kwa uamuzi wake.

Ile methali ya Kiacoli ambayo utenzi unaizunguka, inayokataza kung'oa boga lililoota katika makazi ya zamani, inapata maana ya ziada ikisomwa kwa Kiswahili. Makazi ya zamani ya methali hiyo ni mahame. Watu wamekwisha kuhama. Boga linaendelea kuzaa. Methali haimtaki mtu arudi kukaa mahame, wala haikatazi kujenga kwingine. Inakataza kitu kimoja tu, kuharibu kile ambacho bado kinawalisha wengine pale ulipopaacha. Ocol, katika Song of Ocol ya mwaka 1970, anajibu kwa kutangaza uharibifu wa ulimwengu ule wa kale. Jibu hilo lina ukali wa mtu anayejua kwamba nyumba yake mpya haimtoshi, maana anayetosheka na alikohamia hana haja ya kuyabomoa mahame.

4.0 Thim na mpaka wa kwetu

Tamthiliya ya Ebrahim Hussein, Kwenye Ukingo wa Thim, ilichapishwa mwaka 1988, muda mfupi baada ya kesi iliyoitikisa Kenya. Wakili S. M. Otieno alifariki dunia tarehe 20 Desemba 1986 jijini Nairobi. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika Upper Matasia, karibu na Ngong, ambako familia ilikuwa na ardhi. Ukoo wa Umira Kager ulidai azikwe Nyalgunga, Siaya. Mahakama Kuu iliamua kwa faida ya ukoo mwezi Februari 1987, Mahakama ya Rufani ikathibitisha uamuzi huo, na mazishi yakafanyika Nyalgunga mwezi Mei.

Sehemu kubwa ya ubishi ule ilikuwa ya semantiki. Je, nyumba aliyoishi marehemu Nairobi kwa miaka mingi ilikuwa kwao? Upande wa ukoo uliegemea tofauti ambayo Kijaluo huiweka kati ya ot, yaani nyumba, na dala, yaani boma la mtu aliyejitegemea kwa mujibu wa mila. Ot hujengwa popote. Dala huanzishwa: mwana hutoka katika boma la baba yake akisindikizwa na baba au mzee wa ukoo, pamoja na mke, jogoo, shoka na moto. Bila wasindikizaji hao, jengo linabaki jengo. Profesa H. Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alikuwa miongoni mwa waliotoa ushahidi kuhusu mila za Wajaluo. Mahakama ya sheria iliyorithiwa Uingereza ilijikuta ikisikiliza maana za maneno kutoka kwa msomi, kuhusu msomi mwingine ambaye hakuweza tena kujieleza.

Hussein hakuiandika kesi hiyo kama taarifa. Aliwaumba Herbert na Martha, akaupa mgogoro wao jina ambalo si la Kiswahili. Thim ni neno la Kijaluo lenye maana ya pori, nyika isiyokaliwa, kinyume cha dala. Tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na Kimani Njogu nayo imeliacha neno hilo kama lilivyo. Kwa mtazamo wa ukoo, mji ndio Thim: Herbert aliishi porini na sasa lazima arejeshwe. Kwa mtazamo wa Martha, Thim inaanzia pale ambapo watu wanaweza kumpokonya mjane maiti ya mumewe kwa jina la mila. Neno moja linaelekezwa pande mbili, na kichwa cha tamthiliya kinamweka msomaji ukingoni, mahali ambapo haijaamuliwa bado pori liko upande gani. Msitu ambao Lawino aliuona ndani ya nyumba ya mumewe, hapa umekuwa ukanda unaosogezwa huku na huku kulingana na anayezungumza.

Alain Ricard, katika kitabu chake kuhusu Hussein, ameisoma tamthilia yake kama tamthilia ya ubinafsi katika maana ya kifalsafa, yaani jitihada ya mtu mmoja kujiamulia maisha yake. Usomaji huo unamfaa Herbert aliye hai. Unapata tabu kwa Herbert aliyekufa. Maiti haiwezi kusema kwangu. Mara pumzi inapokatika, kimilikishi cha umoja kinapotea, na wanaobaki ni wale wanaosema kwetu. Ndiyo sababu mazishi ni mtihani mkali kuliko yote kwa msomi anayejenga nyumba. Maisha yake yote anaweza kuishi kana kwamba tofauti kati ya kwangu na kwetu haipo, kwa sababu ana ufunguo wa mlango mfukoni. Kifo kinaufichua mkataba ambao hakuwahi kuutia saini wala kuuvunja.

Lakini waliobaki ni akina nani? Martha naye anaweza kusema kwetu, akimaanisha yeye, mumewe na watoto. Ukoo unasema kwetu, ukimaanisha damu ya baba. Maneno hayatofautiani. Kwa kuwa -etu haioneshi nani yumo na nani hayumo, kila upande unazungumza Kiswahili sahihi, na kila upande unamfuta mwingine. Utata huu wa sarufi hauleti usawa, kwa sababu upo utaratibu mwingine wa lugha unaoupa ukoo nguvu zaidi. Mwanamume akiambiwa amerudi kwao, msikilizaji hufikiri juu ya heshima, likizo, uzee au mazishi. Mwanamke aliyeolewa akisemwa kuwa amerudi kwao, msikilizaji hufikiri kwamba ndoa imevunjika. Kwao kwa mume ni haki. Kwao kwa mke ni adhabu. Mke wa msomi kwa hiyo ameachiwa neno moja tu la kusimamia, nyumba, na hilo ndilo neno ambalo ukoo umekwisha kulitangaza kuwa dogo.

5.0 Nyumba mpya, mlango wa zamani

Ulinganisho na kazi mbili zilizoandikwa kwa Kiingereza unasaidia kupima kama hoja hii ni ya eneo moja tu. Katika The Dilemma of a Ghost ya Ama Ata Aidoo, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza Legon mwaka 1964 na kuchapishwa mwaka uliofuata, Ato Yawson anarejea Ghana baada ya masomo Marekani akiwa na mkewe Eulalie, Mmarekani mweusi. Tendo linafanyika katika ua wa sehemu mpya kabisa ya nyumba ya ukoo wa Odumna. Kwa hiyo Ato anahamia sehemu mpya ya nyumba ya zamani, na jukwaa lenyewe limekuwa ramani ya utata wake.

Ato anaichukulia sehemu hiyo kama makazi yake binafsi. Jamaa wanaichukulia kama ua wa wote, wanaingia, wanauliza, wanadai kujua kwa nini hakuna mtoto. Ato anajua jibu, kwamba yeye na mkewe wameamua kusubiri, lakini hasemi. Ananyamaza na kumwacha Eulalie abebe lawama ya ugumba. Hapa kosa halitokani na mila wala na usasa. Linatokana na mtu anayetaka faida ya kwetu, yaani kupokelewa na kujengewa, bila wajibu wa kujieleza kwa wale wanaoifanya iwe kwetu.

Mwisho wa tamthiliya unaligeuza tarajio. Mama yake Ato, Esi Kom, anapoujua ukweli, anamchukua Eulalie na kumwingiza ndani kupitia mlango wa nyumba ya zamani. Ato anabaki uani peke yake. Mgeni ameingia, mwenyeji yuko nje. Kwa istilahi za Kiswahili, Eulalie amepata kwao pasipo kuwa na nyumba yake, na Ato ana nyumba pasipo kwao. Aliyemwingiza ni mtu mwenye mamlaka ya kutamka kwetu, na akaitamka katika maana inayojumuisha. Jambo ambalo Martha ananyimwa katika tamthiliya ya Hussein, Eulalie amepewa, na tofauti kati yao haimo katika elimu ya waume zao.

Admiring Silence ya Abdulrazak Gurnah, iliyochapishwa mwaka 1996, inaupeleka mjadala Zanzibar. Msimulizi, mwalimu anayeishi Uingereza, anarejea baada ya takribani miaka ishirini. Miaka yote hiyo amewaficha jamaa zake kwamba anaishi na Emma na kwamba wana binti. Anachokikuta kisiwani hakifanani na kile alichokuwa akimsimulia Emma. Huduma zimeporomoka, na vyoo vilivyoziba vinamshughulisha kiasi cha kuwa kero ya roho. Wahakiki wanaoviona vyoo hivyo kama kejeli ya siasa ya baada ya uhuru wana haki. Lakini viko pia katika mantiki ya nyumba: anayekwenda matembezini huvumilia choo kibovu kwa siku kadhaa, anayerudi kukaa hukirekebisha. Msimulizi hajui yuko upande upi.

Jamaa wanamtafutia mchumba, yaani wanamwandalia nyumba katika maana ya ndoa, maana ambayo neno hilo linayo pia katika Kiswahili. Serikali nayo inamshawishi abaki ashiriki kazi ya kutafsiri vitabu kwa Kiswahili. Anapofichua habari za Emma, milango hiyo yote inafungwa. Anarudi Uingereza na kukuta kwamba Emma naye anamwacha. Amepoteza kwao na makazi kwa safari moja, kwa sababu alikuwa amejenga vyote viwili kwa maneno ambayo upande mmoja haukuwahi kuyasikia ukiwa na upande wa pili.

6.0 Mipaka ya hoja na matokeo yake kwa tafsiri

Pingamizi la kwanza linaloweza kutolewa ni kwamba makala haya yanaifanya sarufi kuwa ajali iliyoandikwa: kwamba Waswahili hawana budi kufikiri kama ngeli zao. Hoja haiendi huko. Aidoo na Gurnah waliandika kwa Kiingereza, Okot kwa Kiacoli na Kiingereza, na wote waliliona tatizo. Sarufi ya Kiswahili haijaliumba. Imelitaja kwa usahihi ambao lugha nyingine hulazimika kuufikia kwa njia ya jukwaa, taswira au kimya. Aidoo alihitaji milango miwili ili aseme jambo ambalo vimilikishi viwili vinalisema.

Pingamizi la pili ni kwamba kuipa kwetu uzito huu ni kuhalalisha madai ya ukoo dhidi ya mjane. Kinyume chake ndicho kilicho kweli. Ukoo hupata nguvu pale tu ambapo kwetu inachukuliwa kuwa jina la mahali, lisilobadilika kama mlima. Ikionekana kuwa ni kimilikishi, swali la nani anamiliki linafunguka upya, na Martha ana haki ya kulijibu.

Matokeo ya vitendo yanamhusu mtafsiri. Tangu Gurnah apate Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, juhudi za kumleta katika Kiswahili zimeanza, na Paradise imekwisha kutolewa kama Peponi katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Mtafsiri wa riwaya ya marejeo hukutana na neno moja la Kiingereza linalobeba nyumbani, kwangu, kwetu na kwao. Hawezi kulitafsiri kwa neno moja. Kila mara atalazimika kuamua msimulizi anajihesabu pamoja na nani, uamuzi ambao msimulizi mwenyewe amejitahidi kuukwepa. Akiandika kwetu mahali ambapo mhusika ana haki ya kusema kwangu tu, atakuwa amempokea kabla jamaa zake hawajampokea. Akiandika nyumbani kila mahali, atakuwa amehifadhi utata lakini ameuficha ugomvi. Tafsiri hiyo ni kazi ya uhakiki kamili, na inastahili kupimwa hivyo.

7.0 Hitimisho

Kazi zilizochunguzwa zinakubaliana katika jambo moja ambalo mtazamo wa mila dhidi ya usasa hauwezi kulieleza. Msomi hashindwi kurejea kwa sababu amesoma, wala kwa sababu nyumba yake ni mpya. Anashindwa anapodhani kwamba kuhamia ni kurudi. Ocol aliijaza nyumba na kuwafukuza wahenga. Ato alipokea sehemu mpya ya nyumba na kuficha ukweli uani. Msimulizi wa Gurnah alilea nyumba mbili zisizojuana. Herbert aliacha swali litatuliwe juu ya mwili wake. Kila mmoja alikuwa na mke ambaye haki yake ilitegemea jibu, na ni Eulalie peke yake aliyefunguliwa mlango.

Utafiti zaidi unaweza kuipima hoja hii katika tawasifu za wasomi wa Afrika Mashariki na katika tungo za Waswahili wanaoishi Oman, Ulaya na Marekani Kaskazini, ambako swali la kwenu wapi huulizwa watoto waliozaliwa mbali na Afrika Mashariki. Kabla ya hapo, uhakiki unaweza kuanza na hatua ndogo: kila mhusika anaposema kwetu, kuuliza ni nani mwingine aliye katika chumba hicho, na kama amehesabiwa.